Nembo za Wamakonde

Neno nembo limehama makao. Leo kila asomaye Kiswahili hulijua kwa maana ya alama ya dola, ya chama au ya kampuni, iliyopigwa juu ya karatasi. Zamani lilikuwa jina la alama iliyochanjwa katika ngozi ya mtu, hasa usoni, ili kabila lake lijulikane.

Katika watu walioitukuza alama hiyo, Wamakonde wa pande mbili za mto Ruvuma walikuwa miongoni mwa waliotangulia. Wale wa nyanda za juu za Mueda, kaskazini ya Msumbiji, waliujaza uso kwa mistari ya pembepembe na safu za nukta. Wanawake walichanjwa tumboni pia, kuzunguka kitovu.

Siku ya kutojwa mara ya kwanza ilikuwa siku ya mtihani. Kijana alijitoa mbele ya fundi, na fundi aliufuata mchoro kwa chuma kidogo chenye makali, chale moja baada ya nyingine. Kisha mkaa wa mbarika ulisuguliwa katika vidonda, na vilipopona, rangi ya samawati nzito ilibaki ndani ya ngozi. Kazi haikutimia kwa siku moja. Chale zilirudiwa siku nyingine mpaka mistari ikakolea. Basi marudio yalikuwa magumu kuliko mwanzo, kwa kuwa mara ya kwanza kijana aliyaingia maumivu bila ya kuyajua, na mara ya pili aliyaendea akiyajua.

Thamani ya alama hizo yaonekana katika uchongaji. Vinyago vya mapiko, vivaliwavyo katika ngoma za jando na unyago, vilipambwa kwa mistari ile ile, mara nyingi kwa nta ya nyuki iliyobandikwa juu ya mti. Mchongaji hakuona kwamba sura ya mtu imekamilika pasipo nembo.

Lakini alama iliyokuwa heshima nyumbani ilimtenga mtu ugenini. Wamakonde wengi waliikimbia kazi ya shuruti ya Wareno wakavuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika, na huko waliitwa Wamawia. Hakuna aliyehitaji kuwauliza watokako. Uso ulijibu kabla ya kinywa, wala mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuunyamazisha.

Mwaka 1957 Jorge Dias, mtaalamu wa Kireno, alianza kuwachunguza Wamakonde wa Msumbiji, na kuanzia 1964 maandishi yake yalichapishwa. Kati ya miaka hiyo, tarehe 16 Juni 1960, askari wa serikali iliyomtuma waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda. Dola moja ilizihifadhi desturi vitabuni na kuwaua wenye desturi uwanjani.

Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na vita vya ukombozi vilianza 1964 katika nchi hiyo hiyo ya Wamakonde. Baada ya uhuru wa 1975, viongozi walitaka taifa moja na wakazipinga mila nyingi walizoziona kuwa za giza na za utengano. Shule, miji na aibu ya vijana vilisaidia, na kuchanja usoni kukafifia. Haifai kuwalaumu wote kwa neno moja: taifa lenye lugha nyingi lilikuwa na haki ya kutafuta alama ya pamoja, na mtoto alikuwa na haki ya uso usiochanjwa.

Hata hivyo hasara ilikuwapo. Cheti cha leo hutolewa na karani, na kikipotea hutolewa kingine. Nembo ya usoni ililipwa kwa damu ya mwenyewe mbele ya watu wake, haikupotea, wala haikuweza kunyang'anywa. Wazee waliobaki nazo huzeeka pamoja nazo, na kila anayezikwa huenda na maandishi yasiyo na nakala.