Dhana Sugu

Mwanabiolojia Richard Dawkins alipokiita kitabu chake The God Delusion mwaka 2006, alilichukua neno la madaktari wa akili, delusion, akaivisha dini nzima. Kwa Kiswahili neno hilo linasumbua. Udanganyifu unahitaji mdanganyifu, na mgonjwa mwenye delusion hakudanganywa na mtu. Njozi huja usingizini. Imani potofu tumezoea kuisoma magazetini katika habari za mauaji ya albino na ya vikongwe wenye macho mekundu. Mimi nachagua dhana sugu, maana kinachomshtua daktari ni jinsi wazo lilivyoganda: ushahidi uje usije, mwenyewe habanduki.

Mwaka 1913 daktari wa akili Karl Jaspers alitaja alama tatu za dhana hiyo: uhakika usiotikisika, kutosikia hoja yoyote, na maudhui yasiyowezekana. Kwa kipimo hicho, asiyeamini Mungu angeweza kumlaza wodini kila muumini mwenye msimamo. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la 1994, ukaweka kinga: wazo linalokubalika kwa kawaida katika utamaduni wa mtu, kama fundisho la dini yake, halihesabiwi kuwa dhana sugu.

Wengine huona kinga hiyo ni adabu tu kwa wenye dini. Sidhani. Mwaka 1959, katika hospitali ya Ypsilanti, Michigan, mwanasaikolojia Milton Rokeach aliwakutanisha wagonjwa watatu, kila mmoja akijiita Kristo. Alitarajia wakionana watashtuka. Wapi! Mmoja alieleza kwamba wenzake si watu hai, ni mashine zinazosema ndani yao. Mwingine akasema hao ni wagonjwa wa akili tu, na hapo hakukosea. Takriban miaka miwili ya vikao haikumtoa hata mmoja kwenye dai lake la kuwa Kristo. Dhana sugu haina waumini, ina mwenyewe. Mtu wa dini husali na wenzake, humuuliza shehe au padri, hupatwa na shaka, pengine huhama dhehebu, na Jumatatu yuko kazini.

Ila wingi wa watu nao hautoshi kuwa kipimo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wakiwa watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wazo lile lilikuwa na mahubiri na jumuiya, hivyo kinga ya mwongozo ingeweza kulifunika. Hata hivyo siwezi kuwaita wafu wale wagonjwa. Nikiwaita hivyo, mahubiri yenyewe yatageuka dalili ya ugonjwa, na hakuna atakayeulizwa kuhusu watoto waliozikwa pale.