Tezi Iliyobaki Njiani

Mwaka 1869 daktari William Hickman wa London aliandika habari za mtoto mchanga aliyezaliwa na uvimbe kwenye shina la ulimi. Uvimbe uliziba njia ya hewa, na saa 16 baada ya kuzaliwa mtoto akafa kwa kukosa pumzi. Kumbe ilikuwa tezi ya thairoidi, ambayo sote tunajua makao yake ni mbele ya shingo.

Ilifikaje huko? Ndiko inakoanzia. Tukiwa tumboni mwa mama, thairoidi huchipuka kwenye shina la ulimi mnamo wiki ya nne, kisha hushuka hadi shingoni kufikia wiki ya saba. Kwa watu wachache hukwama pale pale.

Kinachonishughulisha mimi ni kishawishi cha kisu. Ukiona uvimbe unamzuia mtu kumeza, si utakimbilia kukata? Lakini takribani asilimia 70 ya wenye hali hii hawana thairoidi nyingine. Ukiiondoa hiyo, umemaliza.

Tunayajua madhara yake kwa sababu ya rovu. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, alikuwa bingwa wa kuyapasua. Mwaka 1883 alieleza hali ya wagonjwa aliowachunguza upya: kati ya 18 walioondolewa tezi nzima, 16 walikuwa wamedhoofika, nyuso zimevimba, akili zimekuwa nzito. Mkono wake ulikuwa hodari mno, haukubakiza kitu. Dawa ilikuja 1891, George Murray wa Newcastle alipomdunga mgonjwa maji ya thairoidi ya kondoo. Mama yule aliishi miaka 28 zaidi.

Basi leo daktari makini huanza kwa kuuliza. Hupima homoni kwenye damu, huipiga shingo picha ya ultrasaundi, na hufanya skani ya mnururisho inayoonyesha tezi ilipo. Mara nyingi vidonge vya homoni hutosha kuunywesha uvimbe. Upasuaji, kupitia mdomoni au shingoni, hubaki kwa anayetokwa damu, anayekabwa, au anayeshukiwa kuwa na saratani. Na kama hana tezi nyingine, vidonge vitakuwa vyake maisha yote.

"Anayo nyingine?" Ni swali dogo, lakini naona gharama yake ilikwisha lipwa na wale wagonjwa wa Bern.