Kipaza Sauti Kilichoning'inia kwa Tyubu ya Baiskeli

Wapendwa, mtakapopita kwenye meza ya kumbukumbu leo mtaona kitu cha ajabu kando ya vikombe vya mashindano: pete mbili za mbao za kutarizia vitambaa, vipande vyeusi vya mpira, na katikati kipaza sauti cha zamani. Vijana wetu wameuliza kama ni mtego wa ndege. Si mtego. Bila kitu hicho, sauti ya mwalimu wetu wa kwanza tungekuwa tunaisimulia tu.

Kipaza sauti chenyewe tuliachiwa na mmishonari aliyekuwa akirudi kwao Uingereza. Ni Reslo, cha aina ya utepe. Aina hii ilibuniwa Ujerumani miaka ya 1920 na Walter Schottky na Erwin Gerlach, kisha miaka ya 1930 Harry Olson wa kampuni ya RCA huko Marekani akaiboresha, ikaenea redioni. Ndani hamna mengi: utepe wa alumini, mwembamba kuliko unywele, umening'inia katikati ya sumaku. Sauti huutikisa, nao hutoa umeme kidogo sana. Soprano zetu hazijawahi kusikika laini hivyo kwenye kifaa kingine. Lakini utepe uliolegezwa ili ufuate sauti hufuata na kila kishindo.

Na vishindo tulikuwa navyo. Jukwaa letu lilikuwa la mbao, na kwaya hii haijawahi kuimba imesimama kama nguzo. Siku ya kwanza ya kurekodi, hatua zetu zilipanda kwenye stendi hadi kwenye kanda, tukasikika kama ng'ombe wanaovuka daraja. Tukajaribu kuimba bila kusogea. Wimbo ukafa. Mwalimu akasema afadhali tusirekodi kabisa. Wakati huo alikuwa ameanza kuugua, na sote tulijua kwa nini kanda ile ilikuwa na haraka, ingawa hakuna aliyelitamka.

Mzee wetu mmoja wa besi, fundi wa redio pale sokoni, akasema kipaza sauti kisiguse stendi. Kining'inizwe kwa mpira. Alianza kukata pete kutoka kwa mkebe wa Kimbo, akashika tupa, halafu akajizuia mwenyewe. Sumaku ile huvuta chembe za chuma, na chembe zikifika kwenye utepe zinaweza kuuharibu. Ndipo mama mmoja wa alto akatoa pete zake za kutarizia, kubwa na ndogo, akisisitiza zirudishwe. (Hazijarudishwa hadi leo. Mama, utusamehe.)

Kubwa ikafungwa kwenye stendi, ndogo ikashika kipaza sauti, na kati yake vikavutwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Vya kwanza vilikuwa na upana wa kidole. Vikawa vigumu mno, kishindo kikapita kama kawaida. Vya pili vilikuwa vyembamba mno, pete ya ndani ikashuka ikaegemea ya nje. Vya tatu, upana wa kamba ya kiatu, vikafaa: ukiigonga stendi, kipaza sauti kinayumba taratibu kisha kinatulia. Hata hivyo kishindo kidogo kilibaki, na tulipoteza jioni nzima kukitafuta. Kumbe ni waya! Ulikuwa umekazwa kutoka kipaza sauti hadi sakafuni, ukibeba kila hatua. Tukaulegeza, tukaukunja kitanzi na kuufunga kwenye stendi kwa uzi wa kushonea.

Jambo lingine: utepe husikia mbele na nyuma, ila ubavuni ni kiziwi. Kwa hiyo soprano na alto walisimama upande mmoja, tena na besi upande wa pili, na ngoma tukaiweka ubavuni ili isitufunike. Hiyo ndiyo sababu hadi leo tunafanya mazoezi ya Jumamosi tukiwa tumetazamana. Wengi mlidhani ni desturi ya kanisa.

Katika wimbo wa nne mwalimu aliacha kuongoza kwa mikono, akaingia kwenye safu ya tena na kuimba ubeti wa mwisho nasi. Hatukuwa tumepanga hivyo. Kabla ya ubeti huo mtasikia lori likipita barabarani. Lilikuja kwa hewa, si kwa sakafu, na hapo mpira hausaidii kitu. Mwalimu alizikwa kabla kanda haijanakiliwa.

Itachezwa leo baada ya chakula cha mchana. Kipaza sauti chenyewe hakisikii tena: mmoja wetu, tunayemheshimu sana na ambaye yuko hapa leo, alikijaribu kwa kukipuliza "pu! pu!" na utepe ukanyooka. Kwa hiyo karibuni mezani, kitazameni, kishikeni hata. Msikipulize tu.