Nukta Pacha na Maneno ya Bibi

Kiswahili kilifika Arua na Koboko kwa masikio kabla ya kufika kwa kalamu. Wanaume wa kwetu walioandikishwa katika jeshi la King's African Rifles walijifunza kambini, wakarudi nacho nyumbani na sokoni. Mwaka 1973 Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ilikitambua kama lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, wengi wetu tunakizungumza kuliko tunavyokiandika, na alama ndogo kama nukta pacha (:) hutusumbua.

Niliandika insha kuhusu mwaka 1979, Amin alipoondolewa madarakani na watu wetu wengi wakakimbilia Zaire na Sudan. Nilimhoji bibi yangu, kisha nikaandika hivi:

Bibi alisema kwamba: tulivuka mpaka usiku.

Mhadhiri aliandika pembeni, "Wewe ulivuka lini?" Sikuwa nimezaliwa.

Historia ya lugha inalieleza kosa langu. "Kwamba" limetokana na kitenzi cha kale "kuamba", yaani kusema. Hati za zamani za pwani, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hazikuwa na nukta pacha; vitenzi vya kusema ndivyo vilivyoonyesha kuwa msemaji amebadilika. Nukta pacha ilikuja na herufi za Kirumi na vitabu vilivyopigwa chapa katika karne ya 19. Mimi nilitumia vyote viwili mahali pa kimoja.

Tukitumia "kwamba", mwandishi ndiye anayesimulia: Bibi alisema kwamba walivuka mpaka usiku. Tukitumia nukta pacha, tunampisha shahidi aseme mwenyewe, ndani ya alama za kunukuu: Bibi alisema: "Tulivuka mpaka usiku." Dondoo likiwa refu, huandikwa katika aya yake, likisogezwa ndani bila alama za kunukuu, nukta pacha hubaki mwishoni mwa sentensi inayolitambulisha.

Kwa mwanafunzi wa historia, huu si urembo. Habari nyingi za miaka ile bado zimo vinywani mwa wazee wetu. Atakayezisoma kesho anastahili kujua ni wapi bibi anashuhudia na ni wapi mjukuu anaeleza. Nikichanganya hayo mawili, ninampokonya bibi ushahidi wake, nami ninajipa safari ambayo sikuisafiri.