Mlango wa Ibo Hufunguliwa na Maji

Pale Tandanhangue, bara ya Quissanga, kaskazini mwa Msumbiji, kuna mbuyu na watu waliokaa chini yake na magunia yao wakingoja maji. Njia ya kwenda kisiwa cha Ibo hupita katikati ya mikoko, na maji yakipwa hubaki tope tupu. Waingereza kwao walichimba mifereji, wakaitia milango ya mbao ya kupandishia na kushushia mashua. Sisi Wamwani, watu wa pwani hii, mlango wetu hufunguliwa na bahari, mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua maji huweza kupanda karibu mita 4.

Marehemu baba alikuwa nahodha wa mashua ya tanga. Kwenye pondo lake alichonga alama mbili kwa kisu: ya chini kwa mashua tupu, ya juu kwa yenye shehena. Alilichomeka topeni, akatazama maji yamefika wapi, ndipo aliposema, "Haya, sukumeni." Ukichelewa unapwelewa: mashua inalala ubavu, mnaliwa na mbu mpaka maji yarudi.

Maji haya ndiyo yaliyoijenga Ibo. Wareno waliifanya makao yao makuu ya Cabo Delgado, na ngome ya São João Baptista ni ya mwaka 1791. Utajiri ulikuwa pembe za ndovu na watumwa. Hili la watumwa lisemwe wazi. Ureno ilipiga marufuku kuwasafirisha mwaka 1836, lakini majahazi yaliendelea kuwapakia miaka mingi baadaye, na vijito vya mikoko viliyaficha, kwa kuwa manowari za Kiingereza zilizoyasaka hazikuweza kuingia kwenye kina kidogo. Naumia nikisikia Ibo ikisifiwa kwa uzuri wa magofu yake tu.

Kisha zikaja meli za moshi, zinazotaka kina. Kampuni ya Niassa, iliyopewa mkataba mwaka 1891, ilianzia Ibo, ikahamia ghuba ya Pemba, ambako meli kubwa huingia bila kungoja bamvua. Serikali nayo ikafuata, na majumba ya mawe ya Ibo yakabaki na popo.

Kimbunga Kenneth kiliezua mapaa ya Ibo Aprili 2019. Mwaka uliofuata vita vya waasi wa Cabo Delgado vilifika mji wa Quissanga, na watu wakakimbilia visiwani na Pemba kwa mashua. Ningepewa kuandika historia ya Ibo, ningeanza na manahodha waliowavusha, kabla ya gavana yeyote.