Gari likivuta upande mmoja: historia fupi ya breki za ngoma

Pikapu ya kubebea wagonjwa ililetwa kwetu ikivuta kushoto kila breki ikikanyagwa. Watu wakasema dereva ndiye mbovu. Tukainua nyuma kwa jeki, mmoja wetu akakanyaga pedali: tairi la kushoto likakaza, la kulia bado tulilizungusha kwa mkono. Kumbe dereva wa watu hana kosa.

Ugonjwa huu ni wa zamani kuliko babu zetu. Breki ya ngoma tunayoijua huhesabiwa kuanza kwa Mfaransa Louis Renault, mwaka 1902. Ndani ya ngoma mna breki shuu mbili zinazotanuka na kubana ukuta wake. Ile ya mbele hunaswa na mzunguko wa ngoma, ikabana kuliko nguvu ya mguu wako. Ndio uzuri wake, na balaa liko hapohapo: tofauti ndogo ya kulia na kushoto inakuzwa.

Zamani hizo magari mengi yalikuwa na breki nyuma tu, zikivutwa kwa vyuma na waya. Kila upande ulikazwa peke yake, mmoja ukilegea gari linakwenda mrama. Ndipo Malcolm Loughead, Mmarekani, akaleta oili: ukiisukuma ndani ya mipira iliyofungwa, msukumo unafika sawa kila upande. Duesenberg waliiweka kwenye magurudumu manne mwaka 1921, Chrysler 1924. Henry Ford aling'ang'ania vyuma vyake mpaka magari ya 1939. Ubishi wa wazee!

Lakini msukumo kuwa sawa si breki kuwa sawa. Tulipofungua kulia tukakuta oili ya difu imepita kwenye sili ya ekseli na kulowesha laini. Kuna mtu aliwahi kuisugua msasa akairudisha. Haisaidii, oili imeshazama ndani. Tena vumbi lile msilipulize kwa mdomo. Laini za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, inaua mapafu. Futeni kwa kitambaa chenye maji.

Mwenye gari alitaka tubadilishe kulia tu ili lirudi kazini jioni. Tulikataa: laini mpya huku, iliyochakaa kule, litavuta tena. Gari likalala siku mbili kusubiri vifaa, na wagonjwa wawili wakapelekwa kwa pikipiki. Hilo lilituuma, hatufichi.

Siku ya tatu tukaweka sili mpya, breki shuu mpya pande zote mbili, tukahakikisha silinda hazivuji. Tukalegeza waya wa hendibreki kwanza, ndipo tukakaza marekebisho mpaka kila ngoma inagusa kidogo tu. Dereva akalijaribu polepole kwenye muramu, akakanyaga ghafla. Tukaenda kupima alama za tairi za nyuma kwa hatua. Zilikuwa sawa.