Maseneta waliopiga kura ya kujifuta

Seneti ya kwanza ya Kenya haikuvunjwa na wanajeshi. Ilifutwa kwa kura za maseneta wenyewe mwishoni mwa 1966, kabla haijatimiza hata miaka minne.

Baraza hilo lilizaliwa kutokana na hofu. Katika mikutano ya Lancaster House, London, chama cha KADU cha Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi kiliogopa kwamba baada ya uhuru jamii kubwa zilizoiunga mkono KANU zingetwaa ardhi na madaraka yote. Kikadai majimbo. KANU ya Jomo Kenyatta haikuyapenda, ila iliyakubali ili uhuru usicheleweshwe.

Katiba ya 1963 ikaunda majimbo saba pamoja na Bunge la mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na viti 117 vya maeneobunge, na Seneti viti 41: kimoja kwa kila wilaya kati ya 40, na kimoja cha Nairobi. Lamu yenye watu wachache ikapata kura sawa na Machakos. Uchaguzi wa Mei 1963 ulijaza viti 38 tu, maana Wasomali wa Kaskazini Mashariki, waliotaka kuungana na Somalia, waliususia. Spika akawa Timothy Chokwe, mtu wa Pwani.

Nguvu ya Seneti ilikuwa katika hesabu. Kugusa misingi ya majimbo kulihitaji kura za asilimia 75 ya Wawakilishi na asilimia 90 ya maseneta. Yaani maseneta watano tu, wakikataa, waliweza kukwamisha serikali nzima. Kwenye karatasi, kinga hiyo ilikuwa imara kuliko karibu kila kitu kingine katika katiba ile. Lakini ilitegemea watano hao wabaki na msimamo, na hilo katiba haikuweza kuliagiza.

Serikali kuu ikayabania majimbo fedha. Wabunge wa KADU wakaanza kuhama mmoja mmoja, hadi tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alipotangaza bungeni kwamba chama kimevunjwa na kujiunga na KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri. Mwaka 1965 kiwango cha kura za kubadilisha katiba kikashushwa hadi asilimia 65 katika mabaraza yote mawili. Kuanzia hapo Seneti haikuwa na cha kulinda wala cha kulindia.

Aprili 1966 Oginga Odinga alipotoka KANU na kuongoza chama cha upinzani cha KPU, sheria ilipitishwa haraka kuwalazimu waliomfuata, maseneta wakiwemo, kurudi kwa wapiga kura. Kisha zikaja kura za kuunganisha mabaraza. Kila seneta alipewa eneobunge: maeneo mapya 41 yaliongezwa kwenye yale 117, yakawa 158, na muhula wa Bunge ukasogezwa hadi 1970. Ni kweli kwamba kuendesha mabaraza mawili kulikuwa mzigo kwa taifa changa. Ila seneta aliyeombwa kuifuta Seneti alikuwa ameshahakikishiwa kiti na miaka ya ziada ya kukikalia, na mimi siamini kwamba kura ya namna hiyo ilikuwa huru. Wananchi wa wilaya zilizowatuma hawakuulizwa. Kufikia 1968, mabaki ya mabaraza ya majimbo nayo yalikuwa yamefutwa.

Seneti ilirudi Machi 2013 chini ya katiba ya 2010, safari hii kwa kaunti 47. Mwaka huo huo Bunge la Taifa likapitisha sheria ya mgao wa mapato kati ya serikali kuu na kaunti bila kujali kauli ya Seneti, na Rais akaitia saini. Tarehe 1 Novemba Mahakama ya Juu ikatoa ushauri kwamba Seneti ilistahili kushirikishwa. Na sasa maseneta hawawezi kujifuta kwa kura zao tu: kubadilisha kazi za Bunge au muundo wa ugatuzi kunahitaji kura ya maamuzi, na angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa katika nusu ya kaunti lazima wajitokeze.